Route 66 kwa gari, Chicago hadi Santa Monica: maswali ninayoulizwa kila mara

Tangu mimi na shemeji yangu turudi kutoka California, simu haipumziki. Wanaouliza ni wa aina mbili: waliopo huku Marekani wenye likizo ya wiki mbili, na wa nyumbani wanaopanga kuja kutembea. Nimeona niyajibu maswali yote mahali pamoja. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Indiana, na nimeshaiendesha barabara hii mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani nimeiendesha.

Route 66 ni nini hasa? Bado ipo?

Ipo na haipo. Namba ilianza kutumika tarehe 11 Novemba 1926, Marekani ilipoamua barabara zake kuu ziitwe kwa namba badala ya majina. Ilipita majimbo manane: Illinois, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona na California. Urefu wake unaotajwa zaidi ni maili 2,448, karibu kilomita 3,940. Usifikiri walichonga barabara mpya. Waliunga vipande vilivyokuwepo, vingine vya udongo mtupu, na lami haikukamilika mwanzo hadi mwisho mpaka 1938.

Mwaka 1956 Rais Eisenhower akasaini sheria ya kujenga zile barabara kuu za kisasa, pana, zisizo na mataa wala makutano. Kipande kwa kipande zikaipita 66 kwa pembeni. Mji wa mwisho kuachwa kando ulikuwa Williams, Arizona, tarehe 13 Oktoba 1984. Juni 1985 namba ikafutwa rasmi.

Kwa hiyo leo haimo tena kwenye orodha ya barabara kuu za serikali kuu, lakini lami yenyewe haikung'olewa. Mahali pengine ni mtaa wa katikati ya mji, pengine ni njia ya wakulima, pengine inakwenda ubavuni mwa barabara kubwa kiasi kwamba unapungiana mikono na madereva wa malori. Na pengine inaishia kwenye majani, na kibao cha kukwambia geuka. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba asilimia 85 hivi bado inapitika kwa gari.

Kwa nini 66?

Ugomvi wa namba. Cyrus Avery, mfanyabiashara wa Tulsa anayeitwa baba wa barabara hii, alitaka namba 60. Gavana wa Kentucky naye aliitaka 60 ipite kwake, na hakukubali kushindwa. Aprili 30, 1926, Avery na wenzake wakiwa Springfield, Missouri, waliona 66 haina mwenyewe, wakaichukua.

Nikiandika "Route 66" kwenye simu, ramani itanipeleka?

Haitakupeleka, na hapa ndipo nilipokula hasara mara ya kwanza. Niliandika Chicago, nikaandika Santa Monica, simu ikanipa njia ya haraka, nami nikaifuata siku tano nikiona malori, vituo vya mafuta na vibao vya migahawa ile ile ya kila mahali. Nilikuwa nafuata I-55, I-44 na I-40, yaani barabara zilizoiua 66. Picha nilizorudi nazo zilikuwa tano.

Mara ya pili tulinunua kitabu cha maelekezo ya kona kwa kona, cha kushika mkononi. Mmoja anaendesha, mwingine anasoma: "Ukivuka reli, kata kulia, maili mbili, halafu kushoto kwenye kanisa." Vibao vya rangi ya kahawia vya Historic Route 66 vipo, na sehemu nyingine alama imechorwa kwenye lami yenyewe, lakini vibao huibwa sana na watu wanaotaka kumbukumbu ya safari, kwa hiyo usivitegemee peke yake. Ukitumia simu, weka miji midogo mmoja baada ya mwingine, na uiambie ikwepe barabara kuu.

Jambo jingine: barabara ilihamishwahamishwa. Mpaka 1937 ilipanda hadi Santa Fe, kisha ikanyooshwa moja kwa moja kwenda Albuquerque. Ndiyo maana katikati ya Albuquerque kuna njia panda, Central Avenue na 4th Street, ambapo Route 66 inakatiza Route 66. Na ndiyo maana pale Adrian, Texas, kibao cha nusu ya safari kinasema maili 1,139 kwenda Chicago na maili 1,139 kwenda Los Angeles. Jumlisha: 2,278, na si 2,448. Shemeji, ambaye ni mhasibu, alisimama mbele ya kile kibao muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote pale. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila walipoinyoosha, ilifupika.

Inachukua siku ngapi?

Kwa njia ya haraka utafika baada ya siku nne ukiwa umechoka na hujaona kitu. Kwa barabara yenyewe, weka siku kumi na nne. Kumi zinawezekana kama hamlali ovyo. Jiwekee kilomita 300 kwa siku, maana utasimama kila baada ya nusu saa, na miji ina mwendo wa maili 30 kwa saa.

Nina siku nne tu. Nifanye kipande gani?

Albuquerque hadi Kingman, bila kufikiri mara mbili. Unapata Gallup, msitu wa mawe, Winslow, Flagstaff, Seligman, na ukichepuka kutoka Williams ni kama kilomita 95 tu kufika ukingo wa kusini wa Grand Canyon. Kutoka upande wa Seligman mpaka mto Colorado ndiyo sehemu ndefu kuliko zote ambayo haijakatika, karibu maili 158.

Nina leseni ya Tanzania/Kenya/Kongo. Inakubalika?

Mgeni wa matembezi anaruhusiwa kuendesha kwa leseni halali ya kwao. Kama imeandikwa Kifaransa au lugha nyingine isiyo Kiingereza, chukua pia kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hicho hutolewa nchini kwako kabla hujasafiri. Wanaokuuzia mtandaoni ukiwa tayari Marekani ni matapeli. Ukiwa mkazi wa huku, lazima upate leseni ya jimbo lako.

Gari la kukodi linataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na watazuia dhamana. Chini ya miaka 25 utalipa ziada ya kila siku. Kulichukua mji mmoja na kulirudisha mji mwingine kuna malipo yake, na wakati mwingine yanazidi kodi ya gari lenyewe, kwa hiyo uliza bei kamili kabla ya kusaini.

Kuhusu viza sisemi kitu, sheria zinabadilika na kila pasipoti ina yake. Soma tovuti ya ubalozi, usisome kundi la WhatsApp.

Nimezoea kuendesha kushoto. Nitaweza?

Utaweza. Ndugu wa Kongo, Rwanda na Burundi hawana shida hii, lakini sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaanza na roho juu. Kumbuka kitu kimoja: dereva siku zote anakaa upande wa katikati ya barabara. Ukijikuta uko jirani na majani, umeingia upande wa wenyewe. Hatari haiko mjini penye magari ya kufuata. Hatari iko saa kumi na mbili asubuhi, unatoka kwenye moteli, barabara nyeupe haina mtu, akili inarudi Tanga na gari linashika kushoto lenyewe.

Mengine ya haraka. Taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikatae. Makutano yenye kibao cha kusimama pande zote, anayefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza. Basi la njano la shule likiwasha taa nyekundu, simama, hata kama unatoka upande wa pili. Vipimo ni maili, moja ni kilomita 1.6.

Oklahoma ina barabara za kulipia kati ya miji mikubwa, na hazipokei fedha taslimu. Wanapiga picha namba ya gari, bili inakwenda kwa kampuni ya kukodi, na kampuni inakuongezea yake. 66 inapita pembeni bure.

Vipi usalama wa mtu mweusi kwenye vijiji vile?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nitalijibu kwa urefu.

Barabara hii inauzwa kama barabara ya uhuru. Kwa Wamarekani weusi haikuwa hivyo. Njiani kulikuwa na miji mingi ambayo mtu mweusi alitakiwa awe ameshaondoka jua likizama, na moteli na migahawa iliyomfungia mlango mchana kweupe. Mwaka 1936 mfanyakazi wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kutoa kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha nyumba, hoteli, sheli na vinyozi ambako msafiri mweusi angepokelewa. Kilitoka kwa miaka thelathini hivi, mpaka baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964. Mwimbaji mweusi Nat King Cole aliuimba wimbo maarufu wa barabara hii mwaka 1946, na ilikuwa barabara yenye hoteli nyingi zisizomruhusu kulala. Familia zilibeba chakula, maji, mafuta ya ziada, na ndoo kwa ajili ya choo.

Karibu na Luther, Oklahoma, bado kuna jengo dogo la mawe, sheli ya familia ya Threatt, familia ya watu weusi waliowahudumia wasafiri weusi tangu zama hizo. Hakuna pampu za kujaza leo. Simama hapo. Na Tulsa usipite bila kwenda Greenwood, mtaa wa biashara wa watu weusi uliochomwa na kuuawa watu wake kati ya Mei 31 na Juni 1, 1921. Jumba la makumbusho la Greenwood Rising liko palepale. Tulitenga saa moja, tukatoka baada ya saa tatu, na mpaka tunalala hatukuongea sana.

Sasa leo. Katika safari mbili sikunyimwa chumba wala chakula. Kutazamwa nilitazamwa, hasa asubuhi kwenye mikahawa ya wazee, mpaka mmoja anauliza mnatoka wapi na mazungumzo yanaanza. Polisi alitusimamisha mara moja, kwenye mji mdogo ambao sitautaja, nikiwa maili 41 penye 30. Tunavyofanya nyumbani, kushuka na kumfuata afande ukiwa na tabasamu, usifanye hapa. Egesha kulia, zima injini, shusha kioo, mikono yote juu ya usukani, usifungue droo mpaka uambiwe. Usiku washa taa ya ndani. Na wala usithubutu kumwonyesha hela. Yule alituandikia onyo tu, akatuonyesha pa kula.

Kama mwenyewe hujisikii vizuri mahali, ondoka. Fika unakolala kabla ya giza. Hilo lina faida nyingine: giza linaficha barabara unayoifuata.

Msimu gani?

Septemba hadi katikati ya Oktoba, au Mei. Aprili hadi Juni Missouri na Oklahoma zina vimbunga vya nchi kavu, kwa hiyo ruhusu tahadhari za hali ya hewa kwenye simu. Julai na Agosti jangwa la Mojave linapita nyuzi 40 kwa urahisi. Desemba hadi Machi Flagstaff ina theluji. Mji huo uko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hata usiku wa Julai utatafuta sweta. Mwanzoni mwa Oktoba Albuquerque ina tamasha la maputo ya kuruka na vyumba huisha mapema. Na mwaka 2026 barabara inatimiza miaka 100, basi weka nafasi mapema zaidi.

Saa zinabadilika?

Mara mbili au zaidi, na Arizona itakuchanganya. Wenzao wanasogeza saa mbele Machi, wao hawasogezi, ila nchi ya Wanavajo iliyo ndani ya Arizona inasogeza. Shemeji alikubali kushindwa, akawa anauliza tu, "Hapa wanakula saa ngapi?"

Mafuta ni kiasi gani?

Bei inabadilika, kwa hiyo nakupa hesabu. Ukichanganya na michepuko utatembea kama maili 3,000. Gari dogo linalokwenda maili 30 kwa galoni litakunywa galoni 100, karibu lita 380. Zidisha kwa bei ya siku. California ni ghali kuliko majimbo yote ya njiani, kwa hiyo jaza Arizona kabla ya kuvuka mto. Na jangwani tanki likifika nusu, hesabu limeisha.

Nisimame wapi? Niambie usivyoweza kukosa.

Huwezi kuona vyote, nami sitavitaja vyote. Nafuata njia, kutoka mashariki kwenda magharibi, kama walivyokwenda wale wa mwanzo. Faida ya mwelekeo huu ni kwamba unaishia baharini. Hasara yake ni jua la jioni machoni, siku kumi na nne mfululizo.

Chicago, kibao cha kuanzia kiko Adams Street. Piga picha alfajiri, la sivyo utasukumana. Illinois watu huipita haraka, lakini karibu na Auburn kuna maili moja na nusu hivi ya barabara ya matofali iliyotandikwa 1931, inanguruma chini ya matairi kama mashine ya kusaga.

Kabla ya St. Louis kuna Chain of Rocks Bridge juu ya Mississippi, daraja la 1929 lililopindwa katikati. Madereva wa zamani walikuwa wanakwaruzana pale kwenye pindo. Sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Usiache kitu kinachoonekana ndani ya gari.

Kansas ni maili 13 tu. Utaimaliza kabla chai haijapoa.

Oklahoma ndiyo niliyoipenda kuliko nilivyotegemea. Kati ya Miami na Afton kuna kipande cha mwanzoni mwa miaka ya 1920 chenye upana wa futi 9, yaani mita 2.7. Inasemekana fedha zilitosha kutengeneza ama upana mzima nusu ya njia, au nusu ya upana njia nzima, nao wakachagua la pili. Tulishuka. Shemeji alilala chali kukatiza barabara, miguu ikagusa ukingo mmoja, akanyoosha mikono, vidole vikapungukiwa kidogo kugusa ukingo wa pili. Kando ya zege unaona ule ukingo wa zamani ulioinuka kidogo, umemomonyoka, changarawe imeula. Magari mawili yakikutana, kila moja lilitoa matairi ya upande mmoja kwenye udongo. Mvua ikiwa imenyesha usiingie na gari la kukodi.

Foyil, mbele kidogo, kuna sanamu ya Andy Payne, kijana wa Kicherokee aliyeshinda mbio za miguu za 1928 kutoka Los Angeles hadi New York, siku 84, zawadi dola 25,000. Mbio zilifuata 66 mpaka Chicago. Sisi tulikuwa tunalalamika kiti cha gari kinaumiza mgongo.

Texas, nje ya Amarillo, kuna Cadillac kumi zilizozikwa vichwa chini tangu 1974. Kila mgeni anapuliza rangi, mpaka rangi imekuwa nene kuliko bati. Beba kopo lako, na uondoke nalo. Amarillo hiyo hiyo kuna mgahawa wa Big Texan, wenye nyama ya wakia 72, kilo mbili na ushei. Ukiimaliza na vikolombwezo vyake ndani ya saa moja, hulipi. Unakalishwa jukwaani, saa inahesabu. Tulimwangalia kijana mmoja akiishia nusu, macho yamelegea. Na usishangae ukisikia Kiswahili dukani: mji huu umepokea wakimbizi wengi, Wakongomani wakiwemo, na viwanda vya nyama vya eneo hilo vimewaajiri wengi.

Mpakani mwa Texas na New Mexico kuna Glenrio, mji uliohamwa. Hiyo ndiyo nasema usikose. Moteli imebaki kuta, sheli imebaki paa, barabara ya njia nne inapita katikati bila gari hata moja, na ng'ambo pale, mita mia chache, I-40 inavuma usiku na mchana. Ukisimama katikati ya ile lami unaelewa bila kusoma kibao chochote. Hakuna vita iliyopita hapa. Magari yalihama tu.

Tucumcari kalale Blue Swallow, moteli ya 1939, taa za neoni zikiwaka utoe kiti ukae nje. Vyumba vyake vina mabanda ya gari pembeni.

Arizona kuna Petrified Forest, hifadhi ya taifa pekee yenye kipande cha 66 ndani yake. Njia yenyewe imebaki mstari wa nguzo za simu na gari la Studebaker la 1932 lililokula kutu. Magogo ya miti yamegeuka mawe ya rangi zote. Usiokote hata kipande. Watu huiba, kisha wanarudisha kwa posta na barua za kuomba msamaha, wakidai mikosi imewaandama, na hifadhi ina rundo la mawe hayo yaliyorudishwa. Hawawezi kuyarudisha mahali pake kwa sababu hawajui yalitoka wapi. Geti linafungwa jioni.

Seligman ni mji uliokataa kufa. Kinyozi wa pale, Angel Delgadillo, aliyeona magari yakitoweka siku barabara mpya ilipofunguliwa, mwaka 1987 aliwakusanya wenzake wakaibana serikali ya jimbo mpaka ikaitambua 66 kuwa barabara ya kihistoria. Majimbo mengine yakaiga. Kila kibao cha kahawia unachokiona njiani kina deni kwa kiti kile cha kinyozi, nacho bado kipo dukani.

Kutoka Kingman unapanda mlima kwenda Oatman kwa kona za kukatisha pumzi. Gari la zaidi ya futi 40 haliruhusiwi. Zamani magari mengine yalipanda kinyumenyume, kwa sababu tanki lilikuwa chini ya kiti cha dereva na mafuta yalishuka yenyewe kwenda kwenye injini, bila pampu. Gari likiinua pua, injini inakauka. Oatman kuna punda wanaotembea mtaani, vizazi vya punda wa wachimba dhahabu. Mmoja aliingiza kichwa chote dirishani, akanusa kitabu cha ramani, akakitafuna kona ya ukurasa wa California.

Na California yenyewe?

Jangwa kwanza. Vipande vya njia ya zamani kuzunguka Amboy hufungwa kwa sababu mafuriko yamekuwa yakibomoa madaraja ya mbao ya miaka ya 1930, kwa hiyo uliza kwenye mji wa Needles kabla ya kuondoka. Mtandao wa simu hakuna. Beba maji, lita nne kwa kila mtu.

Hapa ndipo walipopita wakulima wa Oklahoma na jirani zake waliokimbia ukame na vumbi miaka ya 1930, zaidi ya 200,000 walioingia California, magodoro juu ya gari, mfuko wa maji wa turubai ukining'inia mbele. Mwaka 1936 polisi wa Los Angeles walitumwa hadi mipakani mwa jimbo kuwarudisha wasio na fedha. Raia wa nchi moja, wanazuiwa kuingia jimbo la nchi hiyo hiyo. Nilikuwa sijui.

Gari likiharibika?

Letu lilipata pancha nje ya Needles, saa nane mchana. Tulifungua buti kutafuta tairi la spea: hakuna spea. Kuna kipampu kidogo na kopo la gundi, na tairi lilikuwa limechanika ubavuni, mahali ambapo gundi haisaidii. Magari mengi ya siku hizi yako hivyo. Kabla ya kutoka kwenye ofisi ya kukodi, inua zulia la buti uone kwa macho yako. Tulisubiri gari la kuvuta saa mbili na dakika arobaini chini ya kivuli cha daraja, tukimaliza machungwa.

Chakula cha halali?

Mijini utapata, na misikiti ipo St. Louis, Tulsa, Oklahoma City, Amarillo na Albuquerque. Vijijini kaa chonjo: kifungua kinywa kinakuja na nguruwe hata usipomtaja, na maharage ya Texas na New Mexico mara nyingine yamepikwa na mafuta yake. Uliza. Sisi tulikula mayai, samaki, viazi, na pilipili za New Mexico. Kule mhudumu atakuuliza "nyekundu au kijani?", swali ambalo jimbo limelitangaza kuwa swali lake rasmi. Mtu wa pwani ajibu "zote mbili". Wao wanasema "Christmas", usishangae.

Naweza kwenda kwa treni?

Treni ya Southwest Chief inatoka Chicago hadi Los Angeles kwa siku mbili hivi. Kuanzia Albuquerque kwenda magharibi inafuatana na 66 kwa sehemu kubwa. Ni safari nzuri, ila huwezi kumwambia dereva asimame Glenrio, na kwanza haipiti huko.

Mwisho wake uko wapi hasa?

Una miisho mitatu. Wa kwanza, 1926, ulikuwa katikati ya Los Angeles, Broadway na 7th Street. Mwaka 1936 wakausogeza hadi Santa Monica, makutano ya Lincoln na Olympic. Kibao mnachokiona kwenye picha za watu, kule gatini baharini, kiliwekwa 2009, na barabara haikuwahi kufika pale.

Tulikwenda yote mitatu kwa sababu shemeji hakubali hesabu isiyofungwa. Gatini kuna foleni ya picha. Lincoln na Olympic hakuna mtu, ni mataa tu, magari yanapita. Alishuka, akayapiga picha yale mataa yakiwa mekundu, akarudi ndani, akasema twende tukanawe miguu.

Gari la kukodi mlilirudisha na mchanga wa baharini?

Ndiyo. Walitutoza usafi. Kung'uteni viatu.